Kazi Haingoji Joho

Ndugu msomaji, sisi watu wa pwani tuna neno moja, "chuo", nalo twalitumia kwa mahali pawili. Chuo ni pale mtoto anapokaa mkekani na juzuu yake, na chuo ni pale kijana anapokwenda kutafuta shahada. Mahali hapa pawili ni mbalimbali, lakini swali la mzazi huwa ni lile lile: mwanangu akitoka huko atakuwa nani? Leo napenda tulitazame swali hili pamoja, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kulijibu vibaya.

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja katika jamaa zangu alipata nafasi ya Chuo Kikuu, akaja kuniaga. Akaniuliza, "Ami, nifanye nini nisije nikamaliza masomo nikakosa kazi?" Nikamjibu kwa ukali kidogo, "Wewe soma tu. Rizki mwachie Mwenyezi Mungu." Naye akanisikiliza. Akasoma miaka mitatu, akafaulu vizuri, na kila likizo akarudi nyumbani kupumzika. Alipomaliza akakaa mwaka wa kwanza, akakaa wa pili, cheti kimo katika bahasha chini ya godoro. Siku moja akaniambia, bila ya hasira, "Ami, nilifanya kama ulivyoniambia."

Neno lile halijanitoka. Ni kweli, rizki ni ya Mungu. Lakini mimi nilimtuma kijana baharini bila ya wavu, kisha jambo hilo nikaliita tawakuli. Nikasahau mafunzo ya Mtume wetu (s.a.w.) kwa yule bedui, ya kwamba ngamia hufungwa kwanza, ndipo mtu akamtegemea Mola wake.

Zamani hali ilikuwa nyingine. Aliyehitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya sabini alikuwa akingojewa na serikali. Tena kwa Azimio la Musoma la mwaka 1974 ilitakiwa kijana afanye kazi kwanza, ndipo achaguliwe kwenda Chuo Kikuu, hata utaratibu ule ulipolegezwa na hatimaye kuachwa. Leo mambo yamepinduka. Mwezi wa Juni mwaka 2014 vijana zaidi ya 10,000 walikusanywa katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa Idara ya Uhamiaji. Nafasi zilikuwa 70. Wale waliokaa katika viti vile hawakuwa wavivu wala wajinga. Basi mzazi anayemwambia mwanawe leo "wewe soma tu" anampa wasia wa zama zilizokwisha.

Labda utaniuliza: Je, si makosa kuisoma elimu kwa ajili ya mshahara? Elimu si hutafutwa kwa ajili ya Mungu? Swali hili ni zito, wala halifai kupuuzwa. Lakini tazama kisa cha Nabii Yusuf (a.s.). Alipotoka gerezani na kusimama mbele ya mfalme, aliomba mwenyewe awekwe juu ya hazina za nchi, akataja sababu mbili: kuwa yeye ni mlinzi mwaminifu, na kuwa ni mjuzi. Hakuiomba kazi kwa nasaba yake wala kwa uzuri wake. Na sifa zile hakuzipata asubuhi ile. Alikuwa nazo katika nyumba ya aliyemnunua, na alikuwa nazo gerezani. Watu wakaokoka na njaa kwa sababu mtu mmoja alikuwa tayari kabla ya kuitwa.

Hapo ndipo penye jibu. Kujitayarisha kwa kazi hakuharibu nia ya elimu, maana kazi ina mtu anayeingojea. Mgonjwa atakayelala mbele ya daktari yuko hai sasa. Mtoto atakayefundishwa na mwalimu huyu pengine ameshazaliwa. Wana haki juu ya mwanafunzi leo, ingawa hawamjui. Kwa hiyo anayenakili mtihani, au anayelipa mtu amwandikie utafiti wake, asidhani amewadanganya wakubwa wa chuo tu. Amemdanganya mgonjwa yule na mtoto yule, nao ndio watakaolipa.

Na kuna wenye haki wengine. Mwezi wa Oktoba mwaka 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao wapatao 400, na siku ile ile akapunguza mshahara wake mwenyewe. Waweza kusema hukumu ile ilikuwa kali, lakini swali lililokuwa ndani yake halijafa: msomi ana deni gani kwa waliomsomesha? Leo deni hilo kwa wengi limeandikwa kabisa, maana tangu sheria ya mwaka 2004 iko Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Nasi Waislamu twajua uzito wa deni. Anayekopa, kisha asijishughulishe kupata njia ya kulipa, ajitazame nia yake.

Hivi karibuni nilikwenda Lupepo, wilayani Rungwe, kumzuru mwanafunzi wangu wa zamani aliyehamia huko. Ni nchi ya baridi na mvua, migomba kila upande, na chai imetandikwa juu ya vilima kama busati. Jirani yake ana shamba dogo la chai na miparachichi, na mwanawe anasoma kilimo katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Nilimkuta kijana yule ndani ya chai pamoja na baba yake, kikapu mgongoni, akichuma majani mawili na chipukizi lake. Akaniamkia, "Shikamoo maalim," nami nikamwambia, "Marahaba mwanangu. Likizo hupumziki?"

Akacheka. Akatoa daftari lililoloa umande. Humo alikuwa ameandika saa ambayo jani lilichumwa, saa lilipofika penye mizani, na lipi lililokataliwa na kwa sababu gani. Jani likikaa muda mrefu ndani ya gunia hupata joto na kuharibika, na jasho la siku nzima likapotea. "Nikimaliza, maalim," akasema, "wakiniajiri nitakwenda. Wasiponiajiri, kazi ninayo hapa, na watu hapa wananijua."

Nilimkumbuka yule jamaa yangu, nikaona haya. Sikusema kuwa huyu wa Lupepo amekwisha pata rizki yake. Hilo silijui mimi wala yeye. Bei ya chai yaweza kuanguka, mvua yaweza kukatika. Lakini amefunga ngamia wake.

Basi wewe kijana, usiwaendee watu wa kazi yako siku ya joho. Waendee sasa. Ukipelekwa mafunzo ya kazi, usiende kutia saini tu. Likizo jifunze jambo la mikono, hata liwe dogo. Timiza ahadi na lipa deni ungali mwanafunzi, maana uaminifu haufundishwi siku ya kuajiriwa.

Nawe mzazi, usimchagulie mwanao masomo kwa jina linalopendeza barazani, na binti yako mfanyie kama umfanyiavyo kaka yake. Akija kukuuliza nililoulizwa mimi, usimfungie mlango kwa neno la dini lililokatwa nusu. Keti naye, mfanye shauri. Kisha inueni mikono pamoja, mumwombe Mola.

Yule jamaa yangu nimemwendea, nikamtaka radhi. Sasa tunatafuta pamoja.

Wabillahi taufiki.