Je, Ni Halali Kumdanganya Mzee Aliyesahau?

Mwalimu mmoja alinijia kwa huzuni, akaniuliza neno ambalo sikuweza kulijibu siku ile. Mama yake ni mzee, naye ameshikwa na ugonjwa wa kusahau. Kila jioni huuliza, "Baba yenu yu wapi? Mbona hajarudi?" Baba yule alikufa miaka kumi na miwili iliyopita. Mwalimu alipomwambia kweli, mama alilia kama mjane wa siku ile ile. Kesho yake akauliza tena, akalia tena. "Mchungaji," akasema, "nikimwambia kweli namwumiza, nikisema yu njiani nasema uongo. Nifanye nini, mimi niwafundishaye watoto amri?"

Kabla ya kujibu yatupasa kuujua ugonjwa wenyewe, maana asiyeujua ugonjwa humhukumu mgonjwa. Mwaka 1901 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alimwona katika hospitali ya Frankfurt mwanamke wa miaka 51, aitwaye Auguste Deter. Akamwuliza jina lake, akajibu, "Auguste." Akamwuliza jina la mumewe, naye akajibu jina lile lile. Mwanamke huyo alikufa mwaka 1906. Daktari akauchunguza ubongo wake, akaona madonge kati ya chembe za ubongo, na nyuzi zilizosokotana ndani ya chembe. Mwaka 1910 mwenzake, Emil Kraepelin, aliuita ugonjwa huo kwa jina la Alzheimer.

Chembe za ubongo hufa kidogo kidogo, na mara nyingi mahali panapoumia mapema ndipo pawekapo habari mpya. Kwa hiyo mama akumbuka arusi yake, asikumbuke maziko ya mumewe. Si uchawi, si laana, wala si ukaidi. Wala si uzee tu, kwa kuwa wengi huzeeka na akili zao timamu. Shirika la Afya Duniani lasema ya kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na magonjwa ya namna hii, na ugonjwa wa Alzheimer ndio ulio wa kawaida kuliko mengine. Dawa ya kuuponya haijapatikana.

Mimi mwenyewe nalikosa katika jambo hili. Baba yangu mkubwa aliniuliza mara tatu katika saa moja, "Wewe u mtoto wa nani?" Mara ya tatu nalimjibu kwa ukali, nikidhani afanya makusudi. Alinyamaza, wala hakuuliza tena. Kunyamaza kule kwanichoma hata leo.

Basi turudi kwa swali. Wako wasemao, "Kweli ni kweli, na aambiwe kila siku." Hao nawauliza: habari ya kifo hutolewa kwa kusudi gani? Ili mtu aomboleze, afarijiwe, na mwisho apate kutulia. Mama huyu hawezi kufika kwenye kutulia. Tena waganga wameona ya kuwa huzuni hukaa moyoni hata baada ya habari iliyoileta kusahauliwa. Amesahau neno, lakini uchungu wake wabaki. Ampaye habari ile kila jioni humzika mumewe kila jioni.

Wako na wengine wasemao, "Hajui kitu, mwambie lo lote." Neno hili naliogopa zaidi. Leo tutamdanganya kwa ajili ya amani yake, kesho kwa ajili ya raha yetu, na kesho kutwa tutamshika kidole gumba na kukitia katika karatasi ya kuuza shamba lake, tukisema, "Hatajua." Mlango wa uongo huu ni mwepesi kufunguka, kwa sababu anayedanganywa hawezi kushtaki.

Nionavyo mimi, njia iko kati ya hizo mbili. Mama haulizi habari, amtafuta mtu. Jua lachwa, nyumba yaingia giza, naye ajiona peke yake. Basi tujibu lile analolitafuta. Aambiwe, "Mama, wamkumbuka sana baba. Tuambie, alikuwa mtu wa namna gani?" Hapo hapana uongo hata neno moja, wala hapana kisu. Lakini akiuliza waziwazi, "Je, amekufa?" asifichwe. Aambiwe kwa upole, na mwenye kumwambia asiondoke, bali akae naye mpaka kilio kiishe.

Mwalimu alifanya hivyo. Jioni ile mama alisimulia habari ya migomba waliyoipanda mwaka wa kwanza wa ndoa yao, na watoto wakasikia mambo wasiyopata kuyasikia. Kesho yake akauliza tena, "Baba yenu yu wapi?" Nao wakaanza upya. Mzigo huo ni mzito, na haifai mtu mmoja auchukue peke yake. Ndugu na majirani wapokezane.

Amri ya nne yatuagiza kumheshimu baba na mama. Haikuweka sharti ya kwamba wawe wakitukumbuka. Mama akilisahau jina la mwanawe, mwana hana ruhusa ya kulisahau la mama. Jioni ya leo, mzee wako akikuuliza neno alilokwisha kuliuliza, mjibu kana kwamba ni mara ya kwanza. Maana kwake yeye ndiyo mara ya kwanza.