Herufi Sita na Madai ya Ukamilifu

Hoja moja inazidi kusikika katika mijadala ya biolojia, nayo inaudhi: kwamba promota isiyo na herufi TATAAT ni mbovu, imepotoka kutoka umbo lake halisi. Promota yenyewe haina ubishi. Ni kipande cha DNA ambapo RNA polimerasi ya bakteria, ikiongozwa na protini ya sigma, hujishikiza na kuanza kunakili jeni. Ubishi uko kwingine: je, kilicho cha kawaida kina haki ya kuwa sheria? Tangu David Pribnow alinganishe promota mwaka 1975, TATAAT imekuwa tunda la hesabu: kila nafasi hupewa herufi inayojirudia zaidi. Katika *Escherichia coli*, promota yenye TTGACA (kundi la pili la herufi sita linalopatikana kwa hesabu hiyo hiyo) na TATAAT kamili, zikitenganishwa na herufi 17, ni adimu mno. Yaani karibu ukoo mzima unalaumiwa kwa kutofanana na babu ambaye hakuwahi kuishi.

Kwamba kipimo cha TATAAT husaidia kusaka promota katika jenomu mpya, ni kweli. Kisichovumilika ni jibu kwamba promota ikikaribia TATAAT hupata nguvu, basi maumbile yenyewe yamekiri. Yamekiri nini? Nguvu si ubora. Promota ya jeni za laktosi ina TATGTT, nayo ni dhaifu; udhaifu huo ndio unaoifanya itegemee protini ya CAP, ambayo husaidia glukosi inapoadimika. Badiliko la lacUV5 liliipa TATAAT, ikapata nguvu na kuacha, kwa kiasi kikubwa, kungoja msaada huo. Bakteria anayeunda vimeng'enya vya laktosi huku glukosi imejaa hajakamilika, anatapanya. Tena, polimerasi iliyoshikwa mno huweza kukwama palepale, ikitema vipande vifupi vya RNA kabla ya kuondoka.

Majaribio ya Yona, Alm na Gore ya mwaka 2018 yanavutia zaidi: kati ya mifuatano ya nasibu ya herufi 100 hivi, takriban mmoja kati ya kumi uliwasha jeni bila kurekebishwa, na mingi mingine ilihitaji badiliko moja tu. Mpaka kati ya promota na kelele ni mwembamba hivyo. Hata hivyo, sigma huchagua, na A iliyo katika nafasi ya pili ya zile sita haikosekani kirahisi. Kanuni ipo, basi. Ila kama ni ya bakteria au ya anayehesabu, mifuatano hiyo haitoshi kuamua.