Ni Nani Aliyewaumba Malaika wa Baa?

Swali la iwapo Mungu ndiye chanzo cha uovu wa viumbe wake, ambalo wanateolojia hulijadili kwa jina la theodisia, yaani utetezi wa uadilifu wa Mungu mbele ya dhambi na mateso, lilizuka mwaka 1952 katika nyimbo mbili za kantri, muziki uliokulia vijijini kusini mwa Marekani.

Wimbo wa kwanza, The Wild Side of Life, ulioimbwa na Hank Thompson, ni malalamiko ya mwanamume aliyeachwa na mkewe, ambaye amevutwa na maisha ya honky-tonk, yaani baa za pombe, muziki na dansi. Naye anashangaa kwamba kumbe Mungu huwaumba hata malaika wa mahali kama hapo. Msomaji wa Kitabu cha Mwanzo atakuwa amekwisha kuisikia hoja hiyo, kwa maana Adamu, alipoulizwa habari za tunda, alimtaja mwanamke na papo hapo akamtaja Mungu aliyempa mwanamke huyo, akawashtaki wote wawili na kujitoa yeye.

Jibu lilitungwa na J. D. Miller, na Kitty Wells, mama wa watoto watatu mwenye umri wa miaka 32, akalirekodi Nashville tarehe 3 Mei 1952 kwa ujira wa dola 125. It Wasn't God Who Made Honky Tonk Angels, kama jina lenyewe linavyotamka, unamwondolea Mungu lawama na kuwatwika waume wanaojifanya hawajaoa. Hapo Wells anasimama karibu na Augustino, aliyefundisha kwamba uovu hautoki kwa Muumba bali katika hiari ya kiumbe inapoyapa mema kisogo. Hata hivyo hoja ina pengo, kwani mwanamke akiwa ameharibiwa tu na mwanamume, hiari yake mwenyewe imekwenda wapi? Wimbo haulijibu hilo. Lakini unasisitiza jambo ambalo Injili hulikemea vikali na wahubiri hulipita upesi, nalo ni hatia ya anayemkwaza mwenzake.

Tuni yake, ambayo ndiyo pia ya wimbo wa Thompson, ilikwisha kuimbwa na Roy Acuff mwaka 1936 katika The Great Speckled Bird, wimbo wa dini unaochota taswira yake katika Yeremia 12, hivyo waliozijua nyimbo hizo walilisikia kanisa ndani ya baa.

Shtaka la Thompson dhidi ya mwanamke na Muumba wake lilikaa kileleni mwa chati ya kantri kwa wiki 15. Jibu la Wells, lililomtetea Mungu, lilipigwa marufuku na redio ya NBC, na jukwaa la Grand Ole Opry nalo likamzuia kwanza kuliimba. Lilishika nafasi ya kwanza hata hivyo, likamfanya Wells mwanamke wa kwanza kufika kileleni mwa chati hiyo akiimba peke yake.