NANI ATAMFUNGUA LAZARO?

Kusoma: Yohana 11:38-44, Wagalatia 6:1-2, Yakobo 5:16



Lazaro alikaa kaburini siku nne. Bwana akamwita, naye akatoka. Lakini tuangalie vizuri: alitoka amefungwa mikono na miguu, na uso wake umefunikwa kitambaa. Bwana aliyeweza kumrudishia uzima hakushindwa kuvifungua vitambaa. Kazi hiyo aliwaachia watu waliosimama pale. Uzima ulitoka kwa Bwana. Kufungua kulikuwa kazi ya jirani.

Wandugu, katikati yetu wako akina Lazaro wengi waliofungwa na pombe. Huyu ni baba aliyerudi kutoka mashimo ya Kolwezi, na mafranga yake yote yakaishia kwenye lutuku. Yule ni kijana aliyeanza na kikombe kimoja kwenye kilio. Sasa kila asubuhi mikono yake inatetemeka mpaka apate kingine. Mwingine ni mama, anakunywa akiwa amefunga mlango, kwa sababu mwanamke mlevi anachekwa kuliko mwanaume. Watoto wao wanalala njaa, na masomo yanakatika.

Kanisa letu linakataza pombe. Sheria hii hatuilegezi. Lakini maneno yetu ni matatu: Bolingo, Mibeko, Misala, ndiyo Upendo, Sheria na Kazi. Sheria iko katikati: upendo unaitangulia, kazi inaifuata. Mwenye sheria peke yake atamwambia mlevi: «Acha!» Mlevi amekwisha kujiambia neno hilo mara mia. Amekuja kwenye maombi, amekunywa maji ya Nkamba, amelia machozi ya kweli. Halafu jioni inafika, marafiki ni wale wale, njia inapita kwenye lupango lile lile la lutuku. Akianguka, anaona haya kurudi mbele ya wandugu. Anajificha, na mahali pa kujificha ndipo pombe inapopata nguvu.

Katika mwaka 1935, kule Akron, Marekani, mtu mmoja aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu alishikwa na tamaa kali akiwa ugenini. Hakujifungia chumbani. Alipiga simu kwa mchungaji, akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akaonyeshwa munganga mmoja aliyeshindwa na pombe miaka mingi. Wakakaa pamoja, wakaelezana mambo yao bila kufichana. Tarehe 10 Juni 1935 munganga yule alikunywa mara ya mwisho. Ndivyo vilivyoanza vikundi vya Alcooliques Anonymes, vilivyoenea katika nchi nyingi za dunia, hata Nairobi. Vilianza na watu wawili. Basi tusiseme: «Hapa kwetu hatuwezi.»

Mwenye kutafuta kikundi aulize hospitalini, aulize mchungaji na padri, hapa Kapanga au Kolwezi. Akikosa, amtafute mtu mmoja aliyeacha pombe, waanze wawili. Wachague siku moja ya juma, saa moja isiyobadilika, na mahali pasipouzwa pombe. Kila mtu aseme habari zake mwenyewe, si za jirani. Linalosemwa pale libaki pale. Atakayelipeleka kisimani amevunja nyumba ya wengine. Hakuna kulipa, hakuna mkubwa wala mdogo. Linalotakiwa ni moja: mtu awe na nia ya kuacha. Aliye karibu nawe labda ni Mkatoliki au Mmetodisti. Kifungo chenu ni kimoja. Kila mtu awe na mwenzake wa kumwendea tamaa inapopanda, hata usiku. Ahesabu leo tu, na kesho ahesabu tena leo. Na aliyeanguka arudi mkutano unaofuata. Asifukuzwe, kwa maana huyo ndiye mwenye haja zaidi.

Tena tunaonya. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asikate pombe ghafula akiwa peke yake nyumbani. Katika siku za kwanza anaweza kutetemeka vikali, kupatwa na kifafa, kuona vitu visivyokuwapo, hata kufa. Apelekwe kwanza kwa munganga, kama vile hospitali ya Samuteb ya ndugu zetu Wametodisti katika Kapanga. Kwenda kwa munganga si kupungukiwa imani. Tumwombee, na tumsindikize.

Na wewe usiyekunywa, una kazi yako. Usimcheke ukimwona anaingia mkutanoni. Kwenye arusi na kwenye kilio, mpe munkoyo mtamu usiochacha, au maji, bila kumuuliza kwa nini. Nawe mama unayepika lutuku kwa kulipa masomo ya watoto, tunajua uzito wako. Njoo tutafute pamoja kazi nyingine.

Papa Simon Kimbangu alikaa kifungoni kule Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mpaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951. Sisi tunaomheshimu mfungwa yule, tutampitaje mfungwa wa chupa anayelala njiani? Lazaro amekwisha kuitwa. Amesimama mlangoni pa kaburi, na vitambaa viko mbele ya mikono yetu.

Bwana atupe mikono ya upole. Amina.