Uhai wa Samaki na Uhai wa Kimelea

Taa ya urujuanimno inayofungwa kwenye tangi la samaki wa mapambo kazi yake ni kuua. Pampu husukuma maji yapite kando ya taa, na mionzi ya nanomita 254 hivi huharibu DNA ya viumbe vidogo vilivyomo. Anayeinunua ili kuwakinga samaki na ugonjwa wa madoa meupe anaamua, ajue asijue, uhai upi uendelee na upi ukatizwe.

Kimelea chenyewe, Ichthyophthirius multifiliis, ni kiumbe cha seli moja. Hujichimbia katika ngozi ya samaki, hushiba, hudondoka, kisha hujigawa kuwa mamia ya vimelea vichanga vinavyoogelea kutafuta samaki. Visipompata kwa siku mbili hivi, hufa. Taa huua vile vinavyoogelea tu. Vilivyo ngozini haivigusi.

Albert Schweitzer, daktari wa Lambaréné nchini Gabon aliyefundisha kuuheshimu uhai wote, alikabiliwa na swali hilihili. Alizifurahia dawa mpya za malale, lakini kila alipotazama vimelea kwa hadubini alikumbuka kwamba uhai mmoja unatolewa ili mwingine uokoke. Alipomnunua kinda la furukombe, ilibidi samaki wadogo wauawe kila siku ili apate kula. Hakudai kuwa ipo kanuni ya kumtua mzigo huo. Mwanafalsafa Peter Singer, katika kitabu chake Animal Liberation cha 1975, anautua upesi: anayestahili kufikiriwa ni kiumbe kinachoweza kuumia, na seli moja haina neva. Wafuasi wa dini ya Ujaini, ambao huchuja maji ya kunywa wasije wakadhuru viumbe vilivyomo, wasingeridhika.

Hoja ya Singer inatosha kuihalalisha taa, ila inamsahau mwenye tangi. Katika Ziwa Tanganyika, wanakotoka baadhi ya samaki wa mapambo, kimelea kichanga kina maji mengi ya kupotelea. Katika lita 100 zilizozungushiwa kioo, samaki hana pa kukimbilia. Aliyemfungia humo ndiye aliyekirahisishia kimelea kazi, kwa hiyo kumkinga samaki si hisani bali ni deni.

Deni hilo halilipwi kwa taa hafifu, ambayo ni chaguo baya kuliko yote: inaua viumbe vingi visivyo na hatia na bado samaki anaugua. Kimelea hiki kinahitaji mionzi mingi kuliko bakteria wengi, kwa hiyo maji yapite polepole, lakini si polepole kiasi cha vimelea kumfikia samaki kabla ya kufika kwenye taa. Balbu nayo hubadilishwa baada ya mwaka hivi, maana nguvu yake hufifia hata ikiendelea kung'aa. Bakteria wanaoondoa amonia husalimika kwa sehemu kubwa, kwa kuwa wameshikamana na mchanga na chujio.

Njia inayoua kidogo zaidi ni karantini. Samaki mgeni akikaa wiki kadhaa katika tangi la peke yake, ugonjwa huonekana kabla hajachanganywa na wenzake, na pengine taa haitahitajika kabisa.