Kodi ya Nyumba Muda Ukiisha





Imetufikia suali katika darsa yetu baada ya Sala ya Isha, na kwa kuwa jambo lenyewe limeenea mno katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kuanzia Pumwani na Shauri Moyo mpaka Umoja na Kayole, tumeona ni wajibu kulijibu kwa maandishi.

Muulizaji alipanga nyumba Eastleigh kwa shilingi 12,000 kwa mwezi. Alimpa mwenye nyumba habari mwezi mzima kabla ya kuhama, naye akakubali. Walakini kule Umoja alikokuwa ahamie fundi hakumaliza kazi: maji hayajaungwa wala milango haijatiwa. Siku ya kutoka ikafika naye yumo ndani na watoto watano, akakaa siku kumi zaidi. Mwenye nyumba anadai kodi ya mwezi mzima. Mpangaji anasema diposeti yake ingali kule, basi hana deni. Yupi katika hao aliye na haki?

Jibu letu ni kwamba wote wawili wamekosea.

Ijara, kama walivyoeleza wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafii, ni kuuza manfaa ya kitu kwa malipo yajulikanayo na muda ujulikanao. Muda ukiisha manfaa hurejea kwa mwenyewe, na mwenye kuyatumia baada ya hapo bila mapatano mapya hulazimika kulipa ujira wa mfano, yaani kodi ya nyumba kama ile, mahali kama pale, kwa siku alizokaa. Ikiwa kodi ya mtaa haikubadilika, siku kumi ni shilingi 4,000. Huo mwezi mzima hauna msingi. Ni kweli kwamba desturi ya mji ni kulipa mwanzo wa mwezi, lakini desturi hiyo ni ya mkataba ulio hai, na huu ulikuwa umekwisha kwa ridhaa ya wote wawili. Suratun Nisaa imetukataza kulana mali zetu kwa batili, na kumtoza mtu siku ishirini asizozikaa ni katika hayo.

Ama diposeti, hiyo iliwekwa iwe rahani ya vioo, vitasa na rangi ya kuta. Kuigeuza kodi bila ya idhini ya mwenye nyumba ni kuvunja sharti, na Suratul Maida yafunguka kwa amri ya kutimiza mikataba. Na mwenye nyumba naye asijidanganye! Akisha kuitumia fedha ile kununulia bati, imekuwa deni shingoni mwake, na mwenye uwezo akichelewesha deni huwa amedhulumu.

Jambo lililotuudhi zaidi hakulitaja muulizaji mpaka tulipomuuliza. Nyumba ile ilikwisha kulipiwa na mpangaji mwengine. Alikuja na mkewe na mkokoteni wa vyombo, akakuta pazia za watu bado zinaning'inia. Je, huyu alilala wapi? Kodi ya siku kumi haimfikii yeye kamwe. Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru na kudhuriana, na hapa mtu amehamisha dhara yake akamtwisha asiyemjua. Ilimpasa aombe idhini kabla ya siku kufika, si baada yake. Na akinyimwa, atoke, hata kama ni kugawanya watoto kwa jamaa.

Mtume mwenyewe alipofika Madina hakuwa na nyumba. Alikaa kwa Abu Ayyub Al-Ansari mpaka msikiti na vyumba vyake vilipojengwa, naye alikaribishwa kwa furaha. Na uwanja wa msikiti, uliokuwa mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhail, alitakiwa auchukue bure, akakataa illa kwa thamani. Basi asiyekuwa na mahali alitafuta idhini, na alipopewa cha bure alilipa.

Mwaka 2020 familia 48 za mtaa wa zamani wa Pangani zilihama ili ghorofa zijengwe, na kila moja ilipewa shilingi 600,000 za kupangia kwingine wakingoja nyumba mpya. Mwenye kupata fedha namna hii aitenge kodi kwanza. Fundi hachelewi kwa sababu sisi tumeharakisha harusi.

Kwa wenye nyumba tunasema: msitie kufuli mlango wa mtu ambaye vyombo vyake vimo ndani. Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, ina baraza lake, ijapokuwa haimlindi illa mwenye kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na chumba cha bei hiyo leo ni nadra. Walakini kukosa ulinzi wa serikali hakuhalalishi dhuluma. Na Suratul Baqara imeagiza kumpa muda mdaiwa mwenye dhiki. Twajua pia kwamba baadhi ya wenye nyumba wa Majengo ni wajane wasio na chakula ila kodi ya vyumba viwili. Mpangaji akichelewa, chungu chao hakipandi jikoni.

Muulizaji wetu amelipa 4,000, na diposeti imerejeshwa baada ya kukatwa kitasa kimoja. Yule mwenye mkokoteni alilala kwa shemeji yake Kariokor siku zote kumi. Tumempeleka muulizaji huko Jumapili iliyopita kuomba radhi, akabeba na nauli ya mkokoteni uliorudi bure.