Pamba, Moto na Plagi Iliyolowa

Mwaka 1095 Abu Hamid al-Ghazali, mwalimu wa Nizamiyya ya Baghdad, alimaliza kitabu chake cha kuwakosoa wanafalsafa, Tahafut al-Falasifa. Katika mjadala wa kumi na saba alileta mfano ambao watu wanaubishania hadi leo: pamba ikiguswa na moto huungua. Jicho, alisema, linaona mguso, kisha linaona kuungua. Halioni kitu cha tatu kati ya hivyo viwili kinachovilazimisha kufuatana. Mtendaji ni Mwenyezi Mungu, na utaratibu tuliouzoea ni desturi aliyoiweka.

Mtu anaweza kudhani ubishi huo unawahusu wanazuoni na maktaba zao tu. Basi na amwangalie anayehangaika kuwasha jetski ya zamani.

Tuchukue Sea-Doo ya miaka ya 1990, kazi ya kampuni ya Bombardier ya Quebec, Kanada. Kampuni hiyo ilijaribu chombo hicho mara ya kwanza mwaka 1968 kwa ubunifu wa Mmarekani Clayton Jacobson, ikakiacha. Kawasaki wakaingia sokoni na cha kwao mwaka 1973, na Sea-Doo ikarudi mwishoni mwa miaka ya 1980. Nyingi za enzi hizo zina injini ya Rotax ya silinda mbili, ya mipigo miwili, ile inayounguza oili pamoja na petroli kama zilivyo mashine nyingi za boti kutoka Lamu hadi Mafia. Lalamiko lake ni maarufu: inawaka vizuri, inatembea polepole bila shida, lakini ukivuta resi mpaka mwisho inakohoa na kuishiwa nguvu. Mwenyewe anafungua plagi, anaziona zimechakaa, anafunga mpya. Siku hiyo chombo kinakimbia. Hukumu imeshapita: zilikuwa plagi. (Wauza plagi hawajawahi kulalamikia hukumu ya namna hii.) Baada ya wikendi chache pistoni moja imeungua.

Kilichotokea ni hiki. Sea-Doo nyingi za miaka hiyo zilitoka kiwandani na mipira ya petroli ya rangi ya kijivu. Kwa nje hubaki mizuri miaka nenda miaka rudi. Kwa ndani huoza taratibu na kutoa ute wa kijani unaonata. Ute huo husafiri mpaka kwenye kabureta na kukwama katika chujio dogo la waya lililofichwa ndani yake. Resi ikiwa ndogo, petroli inayopenya inatosha. Resi ikiwa kubwa, injini inadai kuliko chujio linavyoruhusu, hewa inaizidi petroli, joto linapanda, na pistoni ya alumini inaanza kuyeyuka kabla mwendeshaji hajashtuka. Plagi mpya, kwa cheche yake kali, ziliificha njaa ya injini kwa muda tu. Nafuu ilikuja baada ya plagi, lakini plagi hazikuwa zimetibu chochote.

Hapa Ghazali anafaa karakana kuliko anavyodhaniwa. Onyo lake kwamba kufuatana si kulazimishana ndilo linalomtenga fundi na mtu anayenunua vipuri kwa kubahatisha. Zaidi ya karne sita baadaye David Hume alifika karibu na hapo hapo kwa njia isiyo na Mungu ndani yake. John Stuart Mill naye akaiandika dawa yake mwaka 1843: ili sababu ijulikane, hali mbili zifanane kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Anayebadilisha plagi, betri na petroli asubuhi moja amejinyima jibu hata kama injini imewaka.

Fundi mzuri huenda kimoja kimoja. Huanza na kompresheni: anatoa plagi, anafunga geji, anasoma. Rotax 717 yenye afya huonyesha pauni 150 hivi kwa inchi ya mraba. Silinda moja ikisoma 150 na mwenzake 110, hakuna kabureta itakayoiponya. Kisha anaangalia cheche. Kisha anafanya jaribio ambalo karibu halina gharama: anadondosha petroli kidogo yenye oili ndani ya tundu la plagi, anarudisha plagi, anapiga stata. Injini ikinguruma kwa sekunde moja mbili na kuzima, cheche na kompresheni zimeshatoa ushahidi wao. Kinachokosekana ni petroli kufika. Kinyume chake, plagi ikitoka imelowa, petroli inafika ila haiungui. Silinda moja ikiwa haichomi, anazibadilishia nafasi plagi za silinda mbili: ugonjwa ukihama pamoja na plagi, plagi ndiyo, ukibaki pale pale, plagi haina hatia.

Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, hakuridhika na Ghazali. Anayekana sababu, alijibu, amekana akili yenyewe, kwa kuwa kukijua kitu ni kukijua kwa sababu zake. Ana haki. Mpira wa kijivu haukuoza kwa mazoea ya macho yetu. Upo udhaifu ndani yake, na ipo nguvu ndani ya petroli. Asiyekubali hilo hana hoja ya kuchagua mpira mwingine. Lakini Ghazali mwenyewe aliliona pigo hilo likija. Wapinzani wake walimwambia kwamba kama hakuna ulazima, basi kitabu alichokiacha nyumbani huenda kimegeuka mnyama. Akajibu kwamba Mungu ametuumbia elimu kwamba mambo hayo, ingawa anayaweza, hayatokei.

Jibu hilo linamfungia mlango mtu mmoja ambaye kila gati linamjua: yule anayesema mashine ina jini, au imeandikwa tu, kisha anaketi. Huyo hana tawakali. Ana uvivu wa kufungua kabureta. Ikiwa utaratibu wa vitu ni desturi ya Mungu, basi kuichunguza desturi hiyo ni adabu, na kuipuuza kwa kutaja jina la Mungu ni utovu wa adabu. Anayesema bismillahi na mkono umeshika bisibisi hajipingi hata kidogo.

Kwa hiyo mwenye Sea-Doo ya miaka hiyo iliyobaki na mipira ya kijivu aing'oe yote, afunge mipira mipya iliyotengenezwa kwa ajili ya petroli, asafishe machujio ya kabureta, apime kompresheni, kisha ndipo anunue plagi. Na akiijaribu nchi kavu kwa bomba la maji, awashe injini kwanza ndipo afungue maji, na ayafunge kabla ya kuzima. Akigeuza mpangilio huo, maji hujaa kwenye ekzosi na kuingia kwenye silinda.